Ndimu kwenye Beseni la Dawa

Asubuhi niliondoka Mugoma bila kujua ninakokwenda, na jioni nikashuka Nyabusozi kutafuta chumba. Uani mwa nyumba ya wageni, harufu ya dawa ya madoa, ile ya klorini, ikanirudisha utotoni.

Siku moja nikiwa mtoto, shangazi yangu aliloweka vibuyu vya pombe ya ndizi kwenye dawa hiyo hiyo. Wanywaji walipolalamika kuwa pombe inanuka dawa, akakamulia ndimu humo humo besenini. Hewa kali ikapanda. Alikohoa, lakini hakuinuka.

“Shangazi, toka! Ndimu na dawa vinapigana humo!”

“Nyamaza. Ndimu ni chakula, itamdhuru nani?”

Nikalipiga beseni teke, vyote vikamwagikia migomba. Nilichapwa, nikaambiwa niombe radhi. Nilikataa. Shangazi alikaa nje akihema mpaka jua likazama, nami bado nilikataa.

Sasa, uani pale Nyabusozi, mhudumu alikuwa ameinamia beseni la vikombe vilivyolowekwa kwenye dawa, ndimu mkononi.

“Karibu, kaka. Chumba kipo.”

“Asante, dada. Weka ndimu chini kwanza, isiguse dawa hiyo.”

“Mgeni mkorofi wewe!” Alicheka.

Nilisimama pale pale mpaka akaiweka, ndipo nikapokea ufunguo.