Mama wa Daktari Apanga Foleni

Mke wa daktari alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake haukuwa na breki alipoanza habari za mumewe. Mteja akija kupimwa gauni, kabla futi haijazunguka kiuno ameshasimuliwa jinsi daktari alivyokataa hospitali za wenye nafasi zao akabaki kwenye hii ya umma, inayovuja dari. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mheshimiwa aliyefika na walinzi wake akitaka kuingia moja kwa moja. Daktari alimwonyesha mwisho wa foleni kwa kidole, kisha akaita, "Anayefuata!"

Nyumbani hadithi hiyo haikuchuja. Mama mzazi wa daktari, aliyeishi nao, aliidai kila walipokaa kula, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyo ndiye mwanangu," alisema. "Hana cha ndugu wala jamaa."

Sifa hizo ndizo zilizomponza bibi wa watu.

Asubuhi moja aliamka kifua kimembana, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Mkamwana wake akachukua simu ampigie mumewe.

"Thubutu!" mama mkwe alisema. "Watu wamepanga foleni, mimi nimsumbue kwa simu? Tutakwenda, tutakaa kama wengine."

Wakaenda, wakakaa mwisho kabisa wa baraza, kwenye benchi la mbao. Muuguzi aliyepita na trei ya sindano aliwatambua.

"Shikamoo mama. Vipi hali? Niwapeleke ndani?"

"Marahaba mwanangu. Mimi mzima, gesi tu hii. Tunangoja zamu yetu."

Akajikaza, akanyoosha mgongo, akatabasamu huku jasho likimtiririka shingoni. Muuguzi alikuwa na haraka zake, akaamini. Mkamwana alifumbua mdomo aseme ukweli, akafinywa paja, akaufumba. Watu walishaanza kunong'onezana kwamba yule ni mama wa daktari na amepanga foleni kama wao. Mkamwana akawasikia. Lililo kweli lisemwe: aliona raha.

Mbele yao kijana mmoja alikuwa akigaagaa sakafuni na kulia kwa maumivu. Watu wakambeba wakampitisha mbele, na hakuna aliyenung'unika. Mama mkwe akasonya.

"Watu wengine hawana haya," alisema, sauti ikiwa imemkauka.

Kisha akalaza kichwa begani kwa mkamwana. Mkamwana alidhani amepitiwa na usingizi, akamwacha apumzike. Foleni iliposogea akamtikisa, na hapo ndipo alipopiga yowe.

Daktari alitoka mbio. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akambinya mama yake kifua, akambinya, mpaka muuguzi akamgusa bega. Walipokwisha kumwondoa marehemu, daktari alinawa mikono akarudi chumbani mwake, kwa maana watu bado walikuwa pale, na hakuna aliyethubutu kusogea wala kwenda zake. Aliwaona wote. Mkewe alibaki kwenye benchi akitazama mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alimheshimu mtu yule kuliko siku zote, na alimchukia kwa mara ya kwanza, na hakujua afanye nini na yote mawili.

Jioni, baraza lilipokuwa tupu, daktari alikuja akakaa kando yake. Koti lake lilinuka dawa.

"Mke wangu, kwa nini hukugonga mlango?"

"Ungetufukuza."

"Niwafukuze? Na mtu anakufa?" Alimgeukia, macho yamemwiva. "Mahututi hangoji foleni hapa, hajawahi kungoja hata siku moja. Mlinzi wa getini anajua. Wauza maji nje wanajua. Angelia tu, mama yangu, angelia kidogo tu, hao hao watu wangembeba."

"Wao wanajua," mkewe alisema. "Sisi nyumbani hukutuambia."