Vyumba Ndani ya Ghala la Pamba

Apondi alikuja Malaba kutoka Funyula akiwa msichana, kuchambua pamba katika ghala kubwa lililokuwa karibu na reli, katikati ya mji. Biashara ya pamba ilipokufa, wenye ghala walifunga milango wakaenda zao. Kufikia mwaka 1994 humo ndani walikaa popo na mbuzi tu. Apondi alibaki nje, kwenye ukuta wake, akiwauzia chai na chapati madereva wa trela waliosubiri kuvuka kwenda Uganda. Kando yake rafiki yake Amongin, mwenyeji wa hapo, aliuza samaki wa kukaanga.

Siku moja, wakingoja wateja, Apondi alisema, "Mtu akifukuza hawa popo, agawanye vyumba humu, madereva watalala vizuri. Kuta nene hivi, joto litapita wapi?"

Amongin alicheka mpaka akajishika mbavu. "We Apondi! Nani alale na popo?"

Mwaka uliofuata, Apondi alifika asubuhi akamkuta Omoding, kaka yake Amongin, akitoa takataka ghalani kwa wilbaro.

"Nimekodi," Amongin akamwambia, macho yakimng'aa. "Naweka lojing'i, dada yangu. Niombee."

Apondi alisema ataomba. Hakuomba. Kila msumari alioupiga Omoding ulimwingia yeye. Jukwaa la kupakilia marobota ya pamba likawa baraza yenye viti. Mbao zikagawanya vyumba, madirisha yakatobolewa, chokaa ikapanda ukutani mpaka kwenye paa. Alilijua jengo lile pembe kwa pembe, alikohoa vumbi lake miaka na miaka, na leo Amongin, ambaye hajawahi kuchambua pamba hata kiganja kimoja, ndiye anayepima mapazia humo! Siku ya kufungua, Apondi alivaa gauni la kanisani, akala pilau, akasifu rangi, akarudi nyumbani kichwa kinamgonga.

Lojing'i ikajaa madereva wa kulala.

"Huyu mama ana kichwa," alisema Mujib, dereva wa Mombasa, akinywa chai ya Apondi. "Nani mwingine angeona vyumba ndani ya ghala bovu?"

Apondi aliliweka birika chini. "Kichwa anacho," akasema. "Lakini amewaambia habari ya yule kibarua aliyeangukiwa na marobota? Mimi nilikuwa hapa. Mpaka leo husikika akiita."

Hakukuwa na kibarua kama huyo. Lakini Apondi ndiye aliyewahi kufanya kazi humo, nani angembishia? Maneno yakapita kwenye foleni ya trela, gari hadi gari. Baada ya muda madereva wakarudia kulala ndani ya magari yao, na Amongin akawa anakaa barazani peke yake. Apondi alimtazama, moyo ukashiba. Ila waliolikwepa ghala waliukwepa na ukuta wake. Waliegesha mbali, na chapati zikaanza kumlalia.

Ndipo Amongin akaja, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Dada, niambie ukweli. Kuna mtu alikufa humu? Kama yuko, nifunge nirudie samaki."

Apondi alitaka kusema yuko. Badala yake likamtoka lililokuwa limemkaa kifuani. "Hilo wazo lilikuwa langu! Nilikwambia hapa hapa, ukanicheka, halafu ukalichukua!"

"Wazo gani?"

Apondi alimkazia macho. Mwenzake hakuwa akijifanya; alikuwa amesahau kabisa. Hilo lilimchoma kuliko kuibiwa.

Amongin akasema polepole, "Kwa hivyo hakuna aliyekufa."

"Hakuna."

"Na wewe ndiye ulisema yuko."

Amongin alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Ungeniambia unalitaka ghala, tungekodi sisi wawili. Sasa umeharibu, utatengeneza."

"Nitalala humo mwenyewe," Apondi akasema. "Chumba cha mbele. Madereva wanione nikitoka mzima kila asubuhi. Lakini jiko liwe langu."

Amongin alimtazama, akastaajabia ule uso mkavu. Hata hivyo hakuwa na njia nyingine. Akakubali.

Apondi akahamia na sufuria zake. Mujib ndiye aliyetangulia kurudi, na wengine wakamfuata. Wanawake wale walifanya kazi chini ya paa moja mpaka mwisho wa miaka ya tisini, wakisalimiana vizuri, ila hawakuketi tena wakacheka kama zamani.

Kila mara mgeni alilisifu paa lile la juu na baridi ya vyumba, akauliza ni nani aliyewaza jambo kama hilo. Jikoni, Apondi alisimamisha kisu juu ya kitunguu, akatega sikio.

"Aah, ni Mungu tu," Amongin alijibu.

Na Apondi akaendelea kukata kitunguu, kwa nguvu zaidi kuliko kilivyohitaji.