Samli Niliyoipaka Boti

Nakumbuka asubuhi moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni asubuhi ile nilipoiba samli ya mama nikaipaka boti. Usicheke kwanza. Leo nimezeekea hapa Kibeta na watu wananiita fundi, lakini fundi huyu alianza kwa wizi wa samli.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Muleba, kando ya ziwa, baada ya kujifunza useremala Bukoba mjini, na majivuno yalikuwa mengi kuliko vifaa. Kijiji kilikuwa na boti moja ya faiba. Tulipewa na Mhindi mmoja mwenye duka pale Bukoba, siku alipofunga duka lake akahama. Zamani ilikuwa ya bluu. Jua la miaka mingi lilikuwa limeipausha, ukiipapasa mkono unatoka mweupe kama umeshika unga wa muhogo. Baadhi ya wazee walitaka ing'olewe viti iwe ya kukamulia ndizi za lubisi, maana mtumbwi wetu wa kukamulia pombe hiyo ulikuwa umepasuka. Mwenyekiti akakataa. Akasema itengenezwe kwanza, imvushe Nesi Adelina kwenda visiwani, ambako kina mama walilea watoto bila hata kidonge cha homa. Kazi nikapewa mimi.

Mzee Rutta, aliyeiendesha boti ile enzi za mwenye duka, alinielekeza bila kuficha kitu. Ioshe. Isugue kwa msasa laini wenye maji, kidogo kidogo, mpaka ngozi iliyokufa itoke. Kisha dawa ya kusugulia, na mwisho nta. Akanionya nisitumie nguvu, kwa sababu rangi yenyewe ni nyembamba, na nikiimaliza nitafikia nyuzi, maji yapate njia.

"Mpola mpola," aliniambia, yaani polepole.

Nikasugua siku tatu. Vidole vikachubuka, na bluu iliyoonekana haikuzidi upana wa mkeka. Vijana wenzangu walipita wakiniuliza kama nitamaliza msimu huu wa senene au ule mwingine. Niliona aibu, mwanangu, na aibu ya kijana ni mshauri mbaya. Siku ya nne tukaambiwa kesho yake Nesi anakuja kuvuka. Mama alikuwa na kibuyu cha samli alichokiweka kwa ajili ya sherehe ya kumuaga dada yangu. Alfajiri nikakibeba, nikaipaka boti yote, nje, ndani, mpaka kwenye ukingo. Ikameta. Watu walipiga makofi, nami nikasimama nimekunja mikono kama mtu aliyefanya kazi. Mama alipokuta kibuyu kitupu, nilimwambia ni paka. Paka wa watu akafukuzwa kwa ufagio.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale ufukweni. Nesi Adelina alikanyaga ukingo, mguu ukateleza, akaangukia mkono. Sanduku la dawa likatumbukia ziwani, chupa zikavunjika. Kule kisiwani kina mama walikaa na watoto wao wenye homa mpaka jua likazama, wakimngoja mtu asiyekuja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na unajua nani alilaumiwa? Boti. Wakasema ni mbovu, ina mkosi. Mkutano ukapangwa Jumapili baada ya misa, na karibu kila mtu alikwisha kukubali kwamba sasa iwe ya lubisi.

Mimi nilikwenda kuungama kwa padri. Nilisali sala nilizopewa, nikatoka kanisani mwepesi, nikajiambia yamekwisha. Nikamkuta Mzee Rutta ufukweni. Alipitisha kidole kwenye ukingo, akakinusa, akanitazama. Nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu, nimekwisha kuungama."

Hakunifokea. Alifuta kidole kwenye kanzu yake, akasema, "Kwa Mungu umemaliza. Lakini boti haina mdomo wa kujitetea. Wewe unao."

Angeweza kunitaja mwenyewe mkutanoni. Hakunitaja. Aliketi nyuma kabisa akatazama chini, mpaka Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Nikasimama. Nikasema boti haina kosa, kosa ni langu, niliipaka samli nikaogopa kusema. Kisha nikasikia sauti ya mama yangu kutoka upande wa wanawake: "Na paka?"

"Na paka pia, Mama."

Wakacheka, nami nikalia mbele ya kijiji kizima. Nesi Adelina, mkono ukiwa kwenye bandeji, aliuliza jambo moja tu: itachukua muda gani ikitengenezwa inavyopaswa? Nikajibu, wiki sita. Akasema atangoja.

Kwanza niliiosha samli yote kwa sabuni na maji ya moto, kwa maana msasa haushiki penye mafuta. Kisha nikasugua, na safari hii vijana walionicheka walikuja kushika msasa. Mama alinipa kipande chake cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, nikang'arishie nta ya nyuki iliyotoka Ngenge. Wiki ya sita bluu ikarudi yote. Ilikuwepo siku zote, mwanangu, chini ya ule unga. Nesi alipanda, nami nikambebea sanduku mpaka kisiwani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipokea akanishukuru. Sikuweza kumtazama usoni.

Basi nisikilize. Mficha maradhi kilio humfichua. Kilichochakaa kisugue kwanza, ndipo ukipake. Na ukikosea, usimtwishe kosa lako asiye na mdomo, awe boti, awe paka, awe mfanyakazi mdogo asiyeweza kukujibu. Toba ya kanisani ni njema, lakini uliyemkosea anangoja nje. Na ukimgundua kijana amekosa, mpe nafasi ya kusema mwenyewe, kama nilivyopewa.

Mukama, Mungu wetu, akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa ukweli. Na siku utakayoteleza, akukutanishe na mtu wa kukungoja.