Ng'ombe wa Majini

Laiti ningekataa kusema uongo asubuhi ile. Darasa lilinuka dagaa, maana nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wakiwaanika mchangani, na mwalimu aliuliza swali ambalo ni mimi tu niliyeweza kulijibu.

Wambura, mtoto wa shangazi yangu, aliletwa kwetu Musoma kutoka Mugeta ili asome. Tulilala mkeka mmoja. Kila jioni tulikaa mlangoni tukisoma kitabu cha baba kisicho na jalada, juu ya viumbe wa bahari ambayo hatukuwahi kuiona. Humo tulikuta kwamba nyangumi si samaki. Hana matamvua, ana mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa. Damu yake ina joto. Mkia wake hupiga juu na chini, wa sangara hupiga kushoto na kulia. Tena huzaa na kunyonyesha. Hapo Wambura, aliyejua kukamua kabla ya kujua kuandika, alicheka kwa furaha: "Kumbe ni ng'ombe wa majini!"

Asubuhi ile akayarudia darasani. Sisi watoto wa ziwani tulijiona tunajua kila kiishicho majini. Kinachoogelea na chenye mkia ni samaki, basi.

"We wa Mugeta, maji si umeyaonaga kwenye lambo la ng'ombe?"

"Kesho utukamulie sangara, tunywe na chai!"

Mwalimu akanyamazisha kelele. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Kitabuni, mwalimu. Nimesoma na ndugu yangu huyu."

"Ni kweli?"

Nilisimama. Nyuso zote zilikuwa tayari kunicheka na mimi. "Sikijui kitabu hicho, mwalimu. Anatunga."

Wambura akaketi. Tangu siku hiyo waliimba "mkamua sangara" kila alipopita, na jioni nilisoma peke yangu. Likizo ilipofika alirudi Mugeta, akamwambia shangazi shule imemshinda. Mimi niliendelea hadi sekondari. Nyangumi akaja kwenye mtihani, nikapata.

Nikiwa mtu mzima nilimtembelea mara moja. Alinipa maziwa, akaniita mgeni. Sikumwomba radhi; nilimaliza maziwa, nikapanda gari nikarudi.

Leo mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu nyangumi akinyonyesha mtoto. Namwambia najua. Hajui nilijua na nani. Wambura amekwisha kuzikwa. Woga wangu ulimnyima yeye shule, na mimi ukaninyima ndugu.