Mama Kompyuta na Nyumbu wa Kitengela

Juzi nilienda Kitengela kumtafutia mdogo wangu nyumba ya kupanga, nikajikuta nimesimama mbele ya ghorofa la rangi ya waridi, pale pale palipokuwa shamba la nyanya yangu, mzaa mama. Wakala alikuwa akinieleza habari za maji na stima. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nikimfikiria jirani yetu wa zamani.

Watoto tulimwita Mama Kompyuta. Alikuwa amefanya kazi ya kompyuta Nairobi tangu enzi zile mashine moja ilijaza chumba kizima. Alipostaafu alinunua ploti iliyopakana nasi, akajenga nyumba ya mabati iliyojaa madirisha. "Miaka yote nimekaa chumba cha baridi, hakina hata dirisha," alituambia. "Sasa nataka kuona." Hakuja na kompyuta hata moja. Alikuja na rangi, brashi na vitambaa vya kuchorea.

Rafiki yangu, laiti ungeujua utulivu wa siku zile. Alfajiri upepo ulipita kwenye nyasi ukisikika kama mtu anayefagia mbali. Mama wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa alifika na kibuyu chake, nasi tukamwinamishia vichwa atuguse utosini, ndiyo salamu ya kwao kwa watoto. Chai ilinukia moshi wa kibuyu kile. Tukishachota maji na kumsaidia nyanya kutwanga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, tulikimbilia kwa Mama Kompyuta.

Alituhitaji. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alishamwambia hayatapona. Basi tulikaa naye barazani tukimwangalizia. Ukisema nyasi ni za njano, angekuuliza, "Njano gani? Ya ndizi ama ya mkojo wa punda?" Tulicheka, tukaangalia tena, na kumbe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Hapo ndipo angechovya brashi.

Kila mvua ziliponyesha, nyumbu walitoka mbugani kwenda tambarare za Kajiado, na njia yao ilikatiza shambani kwetu. Mwaka mmoja nyanya alichoka kulimia wanyama mbaazi zake. Akanunua seng'enge azungushie shamba. Mama Kompyuta aliposikia, alikuja akipapasa ukuta mpaka jikoni.

"Jirani, niachie tu hii mvua moja. Ikija ingine sitakuwa naona kitu."

"Mimi niko na wajukuu wa kulisha, jirani," nyanya akamjibu. "Picha hailiwi."

Hakubishana. Alimaliza chai yake, akashukuru, akarudi kwake. Nyanya alichambua maharagwe jioni ile bila kuimba, na haikuwa kawaida yake. Kulipokucha alimwambia mjomba arudishe seng'enge stoo. "Mbaazi nitapanda tena," alisema, kama anayemgombeza mtu.

Nyumbu walikuja alasiri, mvua ikidondoka bado. Tulisikia kwanza ile milio yao mizito, kama umati wa watu wanaoguna pamoja, kisha ardhi ikaanza kutetema. Mama Kompyuta alisimama kando ya tangi la maji, nyanya amemshika mkono. Kundi likapita kwenye mbaazi bila haraka, ndama wakiwa katikati.

"Wako rangi gani?" aliuliza.

Sisi tuliozoea kumjibu tulikuwa bado tunaangalia. Aliyejibu ni nyanya, ambaye hakuwahi kushika brashi maishani. "Ni kama jivu la asubuhi," alisema polepole, "likiwa bado na moto ndani."

Mama Kompyuta alilia bila sauti. Nyanya hakumwachilia mkono mpaka wa mwisho akapita.

Picha aliyochora baadaye haikuwa na nyumbu unayeweza kumwonyesha kwa kidole, ni jivu na mwanga tu. Alimpa nyanya, naye akaitundika jikoni juu ya mafiga, ikamezwa na moshi kidogo kidogo. Msimu ule tulikula muthokoi bila mbaazi, na sikumsikia nyanya akilalamika.

Wote wawili wamelala kaburini sasa, nyanya kwao Machakos, Mama Kompyuta ng'ambo ya mto wa Kitengela. Binti wa Mama Kompyuta aliuza ploti, wajomba wakauza shamba, majirani wakajenga kuta za mawe mpaka barabarani. Hakuna siku tuliyoambiwa kwamba nyumbu wamekoma. Tulikuwa tu tukingoja, kila mtu kwake, mpaka tukasahau kwamba tunangoja. Mvua bado inanyesha Kitengela, lakini siku hizi inakuja peke yake.