Mkanda Uliokuwa Unaenda Ziwani

Mwezi uliopita nilivaa kikwembe changu cha harusi, kitenge ambacho hata kwenye harusi sikivai ovyo, nikaenda kuketi safu ya tatu katika ukumbi wa shule moja hapa Uvira. Walikuwa wamekuja wageni wanne kuongea na wanafunzi, wanawake pekee, wote mainjinia, na wote siku hizi ni wakubwa wa makampuni. Mmoja anaongoza kampuni ya maji, mmoja kiwanda cha sabuni, mmoja mambo ya minara ya simu, na wa nne ni mkurugenzi mkuu wa kampuni ya umeme huko kusini. Yule bwana wa kuwatambulisha alivisoma vyeo vyao kwa Kifaransa kirefu, kirefu, mtu angeweza kutoka, kupanda moto, hizi pikipiki zetu, hadi Kavimvira, kuvuka mpaka, kunywa chai upande wa Burundi na kurudi, akute bado hajafika mwisho. Mimi nilikuwa nimejiuma midomo nisicheke. Huyo wa nne nilikaa naye benchi moja miaka minane, na ninajua cheo kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ile. Sisi tulimwita bibi ya mukanda, yaani mke wa mkanda.

Msichana mmoja wa shule akanyoosha mkono, akamuuliza, "Mama, weye ulianzia wapi? Univerisite gani?"

"Univerisite ilikuja nyuma," akajibu. "Minye nilianzia kwa mashine ya kusaga ya Nyamianda, kwa mustari wa mabeseni."

Basi nikapiga kigelegele. Ukumbi mzima uligeuka, hadi picha zilizokuwa ukutani ziligeuka. Acha zigeuke. Sogea hapa, rafiki yangu, nikueleze huo mstari wa mabeseni, maana wewe nawe bila shaka ulikuwa na mahali pako kama hapo.

Ilikuwa hivi. Sisi tulikula bugali mchana, bugali jioni, na asubuhi tukala ukoko wa bugali ya jana na chai. Muhogo bibi yangu aliuloweka, akauanika juu ya bati mpaka ukawa mweupe kama meno ya mtoto, kisha akanitwika beseni kichwani. Mashine ya kusaga ilikuwa chini ya barabara, karibu na maji, katika nyumba ya matofali yenye dirisha moja lisilo na kioo. Kelele yake! Ilipowashwa, viboko wa mto Ruzizi walizamisha masikio. Ilipozimwa, tuliendelea kuongea kwa kupayuka mpaka saa ya kulala.

Na pale palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini hata mkuu wa mtaa aliiheshimu. Beseni likishawekwa kwenye mstari, hilo ni mtu. Mwenye beseni aweza kwenda sokoni, kanisani, hata kujifungua. Akirudi atalikuta beseni lake limesogezwa mbele na majirani, halijarukwa. Kila beseni lilikuwa na alama yake: kipande cha kitambaa, jiwe, kijiko kilichokunjika. La bibi yangu lilikuwa na kifuniko cha sufuria kilichotoboka katikati. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kulinda mabeseni yasiibiwe zamu. Mchana mzima, basi, na harufu ya mikeke, samaki wetu wa ziwani, wa kuchoma ikitoka kwa mama jirani, ikitutesa bila huruma.

Tulicheza. Mchezo mkubwa ulikuwa wa kupigiana makofi tukifuata mlio wa mkanda. Kupitia dirisha uliuona vizuri, mkanda mpana mweusi uliotoka kwenye mota hadi kwenye kinu, ukizunguka. Upande wake wa juu ulikimbia kuelekea ziwani. Huku kwetu, unajua, hakuna kulia wala kushoto. Mji wenyewe umebanwa kama mkate katikati ya milima na maji, kwa hiyo kila kitu kiko mlimani au ziwani. Hata jino likiuma, tunasema ni lile la upande wa mlimani. Nasi tuliimba:

*Mukanda, mukanda, unaenda wapi?*
*Naenda ziwani!*
*Kufanya nini?*
*Kuleta ndagala!*
*Ndagala ya nani?*
*Ya mwenye bugali!*

Ndagala ndio dagaa wetu. Sote tulitazamana tukipiga makofi. Mwenzangu huyo peke yake alitazama mkanda. Alikaa kwenye jiwe chini ya dirisha, mashavu yamejaa unga, macho hayapepesi. Tulimchokoza vibaya. "Bibi ya mukanda! Bwana yako iko nazunguka tangu asubuhi, utamupikia saa ngapi?" Yeye anajibu bila kugeuka, "Kwanza nione kama iko na haraka ya kweli." Siku nyingine alichora alama ya chaki kwenye mkanda wakati umesimama, kisha mashine ikiwaka anahesabu inavyopita. Mwenye mashine, mtu mnene mwenye moyo laini, alimfukuza mara elfu na kumruhusu mara elfu na moja.

Tulipomaliza darasa la nane, kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua sekisio, yaani mchepuo wa masomo, ya kuendelea nayo. Yeye alitaka umeme. Alilisema neno hilo nyumbani kwao wakati wa kula na kijiko kikamponyoka mama yake. Baba yake alikuwa mtu wa forodha pale Kavimvira, sisi tukimwita papa wa duane, shati jeupe kila siku, kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mkali. Alikuwa mcheshi hata, ila aliogopa kicheko cha watu kuliko mamba. "Mutoto wangu mwanamuke apande nguzo, watu wamuangalie kutoka chini?" Alikwisha kuchukua fomu, akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wa ofisini: kukata na kushona. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa. Mwenzangu alilia siku tatu. Mimi nilimwambia cherehani nayo ina gurudumu, akanipiga na daftari.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, shangazi yake, dada mdogo wa papa wa duane, alikuwa anaolewa Jumamosi, na mabeseni kumi na mawili ya muhogo wa harusi yalikuwa kwenye mstari. Pili, umeme ulikuwa umerudi baada ya kupotea mwezi mzima. Sasa, mwenye mashine alikuwa na desturi yake. Umeme ukikatika muda mrefu, aliifungua mota, akaibeba nyumbani, akalala nayo kando ya kitanda kwa kuogopa wezi. Mke wake alisema anaifunika blanketi vizuri kuliko anavyomfunika yeye. Umeme uliporudi, mota ikarudishwa, na aliyezifunga nyaya zake tatu alikuwa shemeji yake, aliyejiita fundi wa umeme kwa sababu aliwahi kuuza balbu.

Mashine ikawaka. Kelele ileile, vumbi lilelile. Lakini unga, hakuna! Unatia beseni zima, kinatoka kikombe, tena cha moto. Muhogo unasongamana ndani, kinu kinakohoa kama babu. Mwenye mashine alishika kichwa, akasema ni mwenzake wa mashine ya mazutu, yaani ya dizeli, amemroga. Na hiyo ya mazutu ilikuwa mbali, na unga wake ulinuka mazutu. Nani atawapa wakwe bugali ya kunuka gari?

Alhamisi akaletwa fundi kutoka Bujumbura, mwenye mfuko wa vyuma. Akafungua kila kitu. Akabadilisha chujio, akanoa nyundo za kinu, akapaka grisi mpaka kwenye mlango. Akafunga, akawasha: kikombe kimoja. Ijumaa asubuhi akaanza upya. Mstari wa mabeseni ulikuwa umepanda mpaka barabarani, naapa ulikaribia kuanza kupanda mlima, na kina mama walikuwa wamepandwa na hasira, hasa yule shangazi bi harusi mwenyewe, aliyekuja na nywele zimesukwa nusu kichwa.

Hapo mwenzangu, kutoka kwenye jiwe lake, akasema, "Mukanda unaenda mulimani."

Hakuna aliyesikia. Akasema tena. Fundi akacheka. "Mutoto, mukanda ni mukanda. Uende mulimani, uende ziwani, si unazunguka tu?"

"Zamani ulikuwa unaenda ziwani."

"Nani alikuambia?"

Nikaona anaanza kushuka kwenye jiwe lake, na ndugu yangu, mimi Mungu alininyima mambo mengi lakini sauti alinipa ya watu sita. "Wimbo njo unasema!" nikapiga kelele, yaani wimbo ndio unaosema. "Mukanda, mukanda, unaenda wapi?" Na wasichana wote wa mstari wakaitikia, bila hata kufikiri, "Naenda ziwani!" Tukarudia. Kisha bibi yangu akatoka mbele na kile kifuniko chake kilichotoboka mkononi. "Fundi, hii wimbo watoto wanaimba miaka sita. Watoto hawawezi kusema uongo wote pamoja kwa makofi."

Yule fundi akasimama akiutazama mkanda kama mtu anayemtazama mke wake kwa mara ya kwanza. Yeye hakuwahi kuiona mashine ile ikiwa nzima. Angejuaje? Na sisi tulioiona kila siku tulisikiliza kelele tu. Akajipiga paji la uso, alama ya grisi ikabaki. "Nani alifunga hizi nyaya?" Shemeji mtu alikuwa tayari amefika nusu ya njia ya kwenda Kalundu. Kumbe mota ya nyaya tatu, ukibadilisha nafasi za mbili tu, inageuka kuzunguka kinyume, na feni ya kuusukuma unga nayo inazunguka kinyume. Nyaya zenyewe zote zilikuwa nyeupe kwa unga, mtu asingeweza kuzitofautisha.

Fundi akazima, akabadilisha nyaya mbili, akamwita mwenzangu apande juu ya kreti ya soda mbele ya dirisha. "Weye njo unajua. Nikiwasha, uniambie."

Na ndipo papa wa duane akafika. Alikuwa njiani kupeleka fomu shuleni, akashusha mguu kutoka kwenye pikipiki ili ajue unga wa harusi umefikia wapi. Akamkuta binti yake juu ya kreti, mweupe kuanzia nywele hadi kucha, na mtu mzima wa Bujumbura akimuuliza kwa heshima yote, "Ziwani ama mulimani?"

"Ziwani!" akapaza sauti.

Unga ukamwagika kama mvua ya Aprili. Beseni la kwanza likajaa, la pili likajaa, vigelegele vikavuka ziwa. Fundi akamgeukia yule mwenye shati jeupe, ambalo sasa lilikuwa jeupe zaidi kwa unga. "Papa, huyu mutoto ni wako? Umupeleke umeme. La sivyo nipe minye nimupeleke."

Papa wa duane akagusa mfuko wenye fomu. "Lakini watu watacheka..."

"Watu gani?" akauliza shangazi bi harusi, na nusu yake ya kichwa isiyosukwa. "Angalia hapa! Nani anacheka? Weye kila siku unafungua mizigo ya watu mupakani, ya kwako nyumbani hujaifungua!" Kicheko kilichofuata papa wa duane alikipokea peke yake, kile alichokiogopa maisha yake yote, na nakuambia hakikumuua. Alicheka naye. Akaitoa fomu, akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu, akafuta kukata na kushona kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akampa binti yake kalamu. "Andika weye mwenyewe. Kazi iko yako."

Akaandika umeme, fomu ikiwa juu ya kifuniko cha sufuria cha bibi yangu. Herufi mbili ziliingia kwenye tundu, lakini shule ilisoma.

Mimi nilichagua kushona, tena nikaacha njiani. Diploma yangu niliichukua baadaye sana, kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na mwalimu mdogo kuliko kitinda mimba wa bibi yangu. Siku hiyo mwenzangu alinipigia simu kutoka kusini, akaniuliza, "Sasa unaenda wapi?" Nikamjibu, "Ziwani!" Tukacheka mpaka vocha ikaisha.

Turudi ukumbini. Kuna msichana aliyemuuliza mwenzangu anaongozaje wanaume wote wale. Akasema kwamba kitu kikiharibika kwenye kampuni, iwe mashine au hesabu au watu, wakubwa wenzake wote hueleza jinsi kilivyoharibika. Yeye huuliza kwanza: kabla hakijaharibika, kilikuwa kinaenda upande gani? Na aghalabu, akasema, anayejua ni mtu aliyekaa muda mrefu kwenye foleni, ambaye hakuna aliyemuuliza. Kisha akanyoosha kidole safu ya tatu. "Kama yule mama wa kigelegele."

Baada ya hapo aliwaacha watu wake na gari lao, tukashuka kwa miguu sisi wawili hadi kwenye mashine. Hakuna mashine. Mwenye mashine alikwisha kuzikwa, bibi yangu pia, papa wa duane pia, na watu siku hizi hununua unga uliokwisha kusagwa, kwenye mfuko. Ziwa lilipopanda miaka ile ya mafuriko liliichukua nyumba ya matofali. Kimebaki kipande cha ukuta wenye dirisha kwenye maji, na jiwe la mwenzangu likionekana chini yake, limeota majani ya kijani.

Mama Mkurugenzi Mkuu akavua viatu. Akaingia mpaka magotini na sketi yake ya ofisini, akanigeukia, akanyoosha viganja. Nami nikaingia na kikwembe changu cha harusi, tukapigiana makofi tukiimba ule wimbo wa mkanda, wanawake wazima wawili. Msichana aliyekuwa akifua pale kando akasimama kututazama.

"Wamama," akauliza, "mukanda gani huo?"

Mwenzangu akautazama ule ukuta, akayatazama maji yaliyotuzunguka. "Ulikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa unaenda ziwani kila siku. Sasa ziwa limekuja lenyewe kuuchukua."

Msichana akacheka, akakausha mikono kwenye kikwembe chake, akaingia majini kwetu. "Munifundishe basi," akasema. "Munaanzia mukono gani?"