Uzi Ulikuwa Wangu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifika mahali pa kusahau jina langu, hiyo nitaikumbuka. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, barabara ya sokoni hapa Bukoba ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya karakana ya baba yangu mdogo, Mzee Sudi, nikipaka uzi nta. Akaja msichana mdogo, bado wa shule, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Nikamsogezea kigoda.

"Nitasimama tu, dada," akasema.

Nikadhani ni haya za mtoto wa shamba.

Ngoja kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa, maana ninyi wa sasa mnanunua mikanda iliyogandishwa kwa gundi, ikiachana mnatupa. Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mdogo wake huyo Sudi ndiye aliyenipa kazi. Watu walimcheka kwamba anamfundisha ngozi mtoto wa kike. Yeye akawajibu kwamba ngozi haimuulizi mtu jinsia yake. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Mkanda wa kushona kwa mkono hauharakishwi, mwanangu. Unachagua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, kwa kuwa ya tumbo huvutika. Unakata vipande viwili, unavibana pamoja, unatoboa tundu mojamoja kwa msharasi, kisha sindano mbili zinapishana katika tundu lilelile, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Ndiyo maana upande mmoja ukikatika, wa pili unabaki umeshika. Nilipenda kazi ile. Naipenda mpaka leo, ingawa vidole vimekuwa kama mizizi ya tangawizi.

Ngozi zetu zililetwa na Ta Festo wa Kagoma. "Ta" ndivyo sisi tunavyomwita mwanamume mwenye heshima zake, naye heshima alikuwa nazo. Alinunua kahawa ya watu, alikuwa na lori, na kila aliposhuka Ngenge kwa wafugaji alitupakilia ngozi. Alikuwa Mkatoliki, lakini upepo wa ziwani ulipoezua msikiti wetu, bati alitoa yeye. Alikuwa mcheshi. Hakuja hata siku moja bila kahawa za kutafuna mfukoni, na alizigawa kwa kila aliyekuwa pale.

Huyo ndiye aliyeniagiza mkanda wa kwanza nilioshona peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Alileta ngozi yake mwenyewe na bizimu zito la shaba la kufungia. Akasema, "Binti, nishonee mkanda wa mwanamume." Nikamshonea. Alipouvaa, baba mdogo aliupapasa mshono wote kwa kidole gumba, halafu akanyamaza. Kwake yeye, kunyamaza ndiko kusifu. Siku ile nilitembea mjini kama vile barabara nimeijenga mimi.

Sasa turudi kwa yule msichana. Jina lake Adventina, binti wa Ta Festo, na katika gazeti lile mlikuwa na mkanda uleule.

"Baba anasema umeachia hapa kwenye bizimu. Anautaka Jumapili."

Nikaugeuza. "Umeachiaje na haujamaliza mwaka? Ameufanyia nini?"

Akatazama barabarani. "Ulishona imara sana, dada," akasema taratibu. "Mama alidhani utakatika siku ya kwanza."

Sikuelewa mara moja. Nilimwangalia, nikakiangalia kigoda alichokikataa, nikauangalia mkanda. Ndipo nikaelewa mkanda ule ulikuwa ukifanya kazi gani nyumbani kwao.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi ni pale ninapoingia katikati yao." Kisha, kama mtu aliyetumwa na hataki kusahau ujumbe, akaongeza, "Mama anakusalimu. Anasema aliyeshona hana kosa."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa kwa Kihaya na kwa Kiswahili, lakini sijaambiwa neno lililonichoma kama salamu ile.

Baba mdogo alikuwa ndani, amesikia yote. Akatoka, akasimama mlangoni.

"Dija, tengeneza mkanda wa watu."

"Sitengenezi, baba."

"Sisi ni mafundi. Kitu kikishatoka hapa, hatumo."

"Umerudi hapa. Sasa tumo."

"Ngozi tunapata kwa nani?"

"Kwake."

"Basi?"

"Basi sitengenezi."

Akauchukua akae aushone mwenyewe. Akapapasa tundu, akajidunga kidole, akapapasa tena, akauweka chini. Nilimhurumia sana. Lakini sikunyanyuka kumsaidia, na hilo nalo lilikuwa gumu kuliko unavyofikiri, kwa maana mkono ule ndio ulionifundisha kushika sindano.

Nikamchukua Adventina nikampeleka kwa mama yangu. Mama alimfunua mgongo, akamfunika, akaenda kubandika maji jikoni. Jioni ilipokaribia, nikamkumbusha kwamba basi la mwisho la Muleba, la kumrudisha kwao, linaondoka. Akasema, "Huyu leo hasafiri. Ana homa." Homa hakuwa nayo. Mama yangu alikuwa mwanamke wa swala tano, na ule ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema.

Kesho yake lori likaja. Ta Festo akashuka akicheka, akatugawia kahawa, akanyoosha mkono.

"Binti, mkanda wangu tayari?"

"Hauko tayari, Ta, na hautakuwa."

Akadhani natania. "Na Adventina yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yangu. Amechoka."

"Amechoka nini, mtoto yule?"

"Amekuchoka wewe."

Hapo kicheko kikaisha. Wachuuzi wa dagaa waliokuwa wakipiga kelele upande wa pili wakapunguza sauti. Akanisogelea mpaka nikanusa sabuni ya shati lake, akasema chini chini, "Nipe mali yangu."

"Kweli ni mali yako," nikasema. "Ngozi ni yako. Bizimu ni lako. Lakini uzi ni wangu."

Nikachukua kisu nikakata mshono wa kwanza, nikaanza kuufumua. Uzi uliopakwa nta haukubali kutoka upesi, mwanangu. Unatoka tundu kwa tundu. Yeye amesimama anatazama, soko limesimama linatazama, na mimi mikono inatetemeka kiasi kwamba nilijikata kidole na sikusikia. Baba mdogo alinong'ona, "Dija, Dija." Nilipomaliza nikaweka mapande mawili ya ngozi mezani, bizimu juu yake, na ujira aliotulipa juu ya bizimu.

"Tafuta fundi mwingine, Ta. Na ukimpata, mwambie ni mkanda wa kazi gani, asije akajivunia bure."

Hakunigusa. Alimgeukia baba mdogo, akamwambia, "Sudi, umeona mwenyewe." Akapanda lori na kuondoka na ngozi zake zote. Hakushusha hata moja.

Zilipita siku chache, nikaitwa kwenye kikao sebuleni kwa baba mdogo. Walikuwapo wazee wa mtaa wetu, na wengine wawili wametoka Kagoma na Ta Festo. Waliongea sana. Hakuna aliyeuliza habari za mgongo wa mtu. Waliuliza habari za bati.

"Mtu aliyetufunika na mvua," mmoja akasema, "wewe unamvua nguo sokoni?"

Mwingine, mzee mpole niliyemheshimu, akasema kwa huruma kabisa, "Mwombe radhi, binti yangu. Mrudishe mtoto kwao. Yaishe."

"Kwangu yataisha, mzee," nikamjibu. "Kagoma je?"

"Mambo ya Kagoma ni ya nyumba ya mtu."

"Basi simwombi radhi."

Wakaniuliza mara ya pili, nikajibu vilevile. Sikuinua sauti. Nilikuwa nimekaa mkekani, miguu imekunjwa, kichwa nimefunika, nimekaa kwa adabu zote nilizofundishwa, na bado nikasema hapana. Ta Festo alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekwama kwenye uzio.

Tukiwa katika hali hiyo, tukasikia hodi. Akaingia mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, mwingine ameshika kanga yake, mdomo wake umevimba upande mmoja. Alikuwa Ma Koleta, mke wa Ta Festo. Alikuwa ametoka moja kwa moja stendi.

"Koleta!" Ta Festo akashtuka. "Nani amekuruhusu kusafiri?"

Hakumjibu. Akasalimia wazee, kisha akanitazama mimi. "Ndiye wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo, Ma."

"Marahaba, waitu," akasema, na hilo kwetu ni neno la upole. "Nimemfuata mwanangu." Akavuta pumzi. "Lakini kwanza nikuambie ukweli. Aliporudi bila mkanda alichukua fimbo ya kuswagia ng'ombe. Hukunipunguzia kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Yote niliyofanya sokoni, kumbe fimbo ilikuwa nyuma ya mlango inangoja.

"Lakini," akaendelea, "alikuwa anapiga huku anafoka kwamba kuna binti Bukoba amemkatalia. Miaka yote niliyoishi naye, sikuwahi kusikia kwamba kuna mtu amemkatalia. Sikujua kama inawezekana. Nikaliwaza hilo siku nzima. Nikafunga mizigo."

Ta Festo akainuka. "Twende kwenye gari."

Ma Koleta akabaki pale pale. Mama yangu na Adventina, waliokuwa uani wakisikiliza kikao, wakaja wakasimama kando yake, mmoja huku, mmoja huku. Ta Festo akapiga hatua. Na hapo baba yangu mdogo, ambaye siku zote hizo hakunisemesha, akasema bila hata kugeuza kichwa:

"Festo, hapa ni kwangu. Hapa hapigwi mtu."

Wale wazee wa Kagoma wakatazama miguu yao. Ta Festo alingoja mmoja wao aseme kitu. Alipoona hakuna, akavaa kofia akatoka.

Asubuhi iliyofuata Ma Koleta na watoto walipanda gari la Ngenge, kwa kaka zake, na huko ndiko alikoishi mpaka alipozeeka. Adventina tunapigiana simu mpaka leo. Ana wajukuu wakorofi na anawapenda kupita kiasi.

Sasa usidhani nilibebwa juu juu, mwanangu. Ngozi zilikatika. Baba mdogo alinifukuza, akanirudisha, akanifukuza tena. Nilikwenda Ngenge mwenyewe kununua kwa wafugaji, nikarudi na mzigo kwenye basi, abiria wakifungua madirisha kwa harufu. Nilikuwa na posa, ikarudi. Waliomleta mshenga walisema hawataki mwanamke anayefumua nguo za wanaume sokoni. Kuna nyumba hapa mjini ambazo ilichukua miaka kabla sijakaribishwa tena chai. Bei ya kusema hapana niliilipa yote, sikupunguziwa.

Na baba mdogo, Mungu amrehemu, mpaka anakufa alikuwa akiniambia, "Wewe ndiye uliyeniharibia biashara." Lakini siku moja alikuja mtu akitaka mkanda, anasema kwa kujitapa kwamba ni wa kumnyooshea mke. Mimi kabla sijafungua mdomo, mzee yule asiyeona alishaipapasa fimbo yake ya kutembelea akaigonga chini. "Toka kwenye baraza yangu," akamwambia. Mtu alipoondoka akanigeukia, "Umeona? Mteja mwingine huyo kaenda. Yote ni wewe." Nikacheka, naye akashindwa kujizuia.

Ta Festo alipofariki nilikwenda Kagoma msibani, nikakaa na wanawake wenzangu kama inavyopasa. Mama mmoja akaniinamia, akasema sasa ndiyo saa ya kumwomba radhi marehemu na mimi nimsamehe. Nikamjibu kwamba radhi sina ya kuomba, na msamaha si wangu kuutoa. Waulizwe waliopigwa. Ndivyo nilivyosema msibani, na ndivyo ninavyosema leo nikiwa na mvi kichwa kizima. Hata mwaka huu alikuja mtu akaniambia anataka mkanda "wa kunyooshea watoto". Nikamwonyesha njia aliyojia.

Basi nasaha yangu ni hii, nisikilize vizuri. Kazi ya mikono yako haikuachi pale inapouzwa. Ukijua inamtesa mtu, usijifiche nyuma ya neno "mimi ni fundi tu". Watakuja watu wazuri, watu unaowaheshimu, wakuombe kwa upole uyamalize. Wasikilize, waamkie, wape maji ya kunywa, kisha kataa. Usitukane, kwa kuwa tusi litawapa mahali pa kukushikia. Rudisha kilicho cha watu, ubaki na kilicho chako. Na usingoje kuona kama kukataa kwako kutabadilisha kitu. Huenda kusibadilishe kitu chochote siku ile. Kataa tu, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu hujui ni nani yuko mbali, amejikunja kwenye kona ya nyumba yake, anayehitaji kusikia kwamba jambo hilo linawezekana.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokuinamisha. Akupe mama wa kusimama kando yako, na kama hayupo, akupe mtu mwingine mwenye moyo wa mama. Na siku utakapobaki peke yako mbele ya wakubwa, akujaalie ulimi usiotetemeka, hata kama mikono itatetemeka. Amin.